Mgonjwa wa Mpox ni wa Nani? Mjadala Kuhusu Tiba ya Timu

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza ugonjwa wa mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa kwa mara ya pili. Kesho yake ikaja habari nyingine, ambayo haikupigiwa mbiu kubwa kama ile ya kwanza. Dawa iitwayo tecovirimat, iliyobeba matumaini ya wengi, ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa 597 katika hospitali mbili za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Tunda, mkoani Maniema, na Kole, mkoani Sankuru. Baadhi walipewa dawa yenyewe, wengine vidonge visivyo na dawa. Vipele vya makundi yote mawili vilikauka kwa mwendo uleule. Dawa haikuharakisha kupona.

Lakini ndani ya habari hiyo mbaya mlikuwa na jambo jema. Katika jaribio zima, ukiwajumlisha waliopata dawa na wasiopata, waliofariki walikuwa asilimia 1.7. Kwa wagonjwa wa Kongo kwa jumla, takwimu za wakati huo zilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Walioshiriki walilazwa siku zisizopungua 14, wakalishwa, wakapewa maji ya kutosha, vidonda vyao vikaangaliwa, na maradhi mengine waliyokuja nayo yakatibiwa.

Hapo ndipo panapoanzia ubishi wa leo. Hoja iliyo mezani ni hii: mgonjwa wa mpox aliyepata matatizo ahudumiwe na timu inayokutana kwa ajili yake kila siku, hata katika hospitali ndogo ya wilaya. Wazungumzaji ni wanne, nao nimewabuni: daktari wa hospitali moja ya Kivu Kusini, muuguzi kiongozi wa wodi ya kutengwa, afisa mipango anayeshika kalamu ya bajeti ya afya, na bibi aliyemuuguza mjukuu wake Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu ambako mlipuko wa aina mpya ya kirusi cha mpox, iitwayo Ib, ulianza kuonekana Septemba 2023. Kiti cha mwenyekiti nimekikalia mwenyewe. Takwimu wanazozitaja ni za kweli.

MWENYEKITI: Daktari, karibu ufungue. Wananchi wameambiwa mpox hupona yenyewe baada ya wiki mbili hadi nne. Kama hupona yenyewe, timu ya nini?

DAKTARI: Ahsante, Mwenyekiti. Waliosema hivyo hawakudanganya. Mtu mzima mwenye afya njema na vipele vichache anahitaji dawa ya maumivu, maji ya kunywa, sabuni, na subira mpaka magamba yaanguke na ngozi mpya ijae. Huyo muuguzi mmoja makini anamtosha. Ninaowasemea ni wale ambao ugonjwa huwageukia: mtoto mdogo, mjamzito, mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana. Kwa hawa kirusi hakiishii kwenye ngozi. Vipele vikiota kooni, mgonjwa hamezi hata mate, na hazipiti siku nyingi anakaukiwa maji mwilini. Vikiota jichoni, kioo cha mbele cha jicho hupata kidonda, kidonda huacha kovu, na kovu likiwa mbele ya mboni mtu hupofuka. Sehemu za siri zikivimba, mkojo huziba. Bakteria wakiingia kwenye vidonda, ngozi hujaa usaha, kisha maambukizi husambaa kwenye damu. Wapo wanaopata nimonia, na wapo ambao ubongo huvimba wakaanza degedege. Sasa niambieni, ni chuo gani kinachomfundisha mtu mmoja kutibu jicho, kibofu, mimba, lishe na ubongo, tena vyote asubuhi moja?

AFISA MIPANGO: Daktari ameeleza vizuri, nami sipingi hata tatizo moja alilolitaja. Ninachopinga ni hesabu. Mgonjwa mwenye matatizo matano si lazima aitiwe watu watano. Hospitali ninazozipangia fedha zina madaktari wa kuhesabika, na zamu nyingine za usiku zinashikwa na muuguzi mmoja. Kila anayeingia wodi ya kutengwa anavaa glovu, gauni, barakoa na kinga ya macho. Kila anayeingia anaweza kuambukizwa akarudi na kirusi nyumbani kwa watoto wake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na msidhani wingi wa mabingwa peke yake huokoa. Mwaka 2022 Marekani ilitoa ripoti ya wagonjwa 57 waliolazwa kwa mpox kali. Nchi ile haikosi bingwa wala mashine. Wagonjwa 17 kati yao walifikishwa chumba cha uangalizi maalumu, na 12 walifariki. Mnataka hospitali ya Kamituga ifanye kwa vikao kile ambacho Marekani haikukiweza kwa mabingwa? Fedha hizo nipeni ninunue chanjo. Goma ilianza kuchanja Oktoba 2024. Mtu akikingwa na ugonjwa, hayo yote ya macho na vibofu hayamfiki.

MUUGUZI: Kaka, ripoti hiyo umeisoma nusu. Kati ya hao 57, watu 47 walikuwa na VVU, na wanne tu kati yao ndio waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi kabla mpox haijawakuta. Kumi na watatu katika wale 57 hawakuwa na makazi. Kwa hiyo mabingwa waliitwa maji yalipokuwa yamefika shingoni. Aliyekosekana ni yule ambaye angewauliza mapema wanalala wapi, na dawa zao waliziacha lini, na kwa nini. Mtu huyo ni afisa ustawi wa jamii, ni mshauri nasaha wa kliniki ya VVU. Ndio ambao nyinyi wa bajeti mnawakata wa kwanza.

Chanjo naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini aliyekwisha kulazwa haimwinui kitandani. Na kuhusu chombo chako, nakubali kina nahodha mmoja. Ila hujapata kumwona nahodha akishika usukani, akitweka tanga na kufua maji, yote kwa wakati mmoja.

Ngoja niwaeleze asubuhi ilivyo. Mtoto wa miaka mitatu, kope zimegandana. Nalowesha shashi kwa maji ya chumvi ya hospitali, naiweka juu ya jicho, nasubiri. Nikivuta kwa nguvu nitamchubua. Kope zikilainika nazifungua taratibu, namulika tochi kutoka pembeni. Natafuta doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Nikiliona, mengine yote yanasimama, naita. Kisha mdomo: vidonda ulimini na kooni, hajala tangu juzi. Kisha utepe wa kupimia mkono, katikati ya bega na kiwiko. Unasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5.

Hapo pana mtego. Daktari aliyeona midomo imekauka anaweza kuandika dripu iende haraka. Lakini mtoto mwenye utapiamlo mkali moyo wake ni dhaifu, na maji mengi ya ghafla kwenye mshipa yanaweza kumuua. Afisa lishe ndiye anayesema: hapana, tuanze na maziwa ya F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, na asipoweza kumeza tumwekee mpira wa kulishia puani. Mtu mmoja aliyechoka angeona mtoto aliyekaukiwa maji, basi. Wawili wanaozungumza wanaona na utapiamlo uliojificha nyuma yake, na tiba inageuka.

MWENYEKITI: Bibi, wewe ndiye uliyekaa na mjukuu kitandani. Timu hiyo uliiona?

BIBI: Wanangu, mimi niliona watu. Kama ni timu sikuambiwa. Wa kwanza alikuja na barakoa yake, akauliza mtoto ameanza kuumwa lini. Nikamjibu. Wa pili akauliza hilohilo. Wa tatu akaandika kwenye karatasi yake, akaondoka nayo. Asubuhi mmoja akasema mpe uji mara kwa mara. Mchana mwingine akasema asitiwe kitu mdomoni mpaka koo litulie. Jioni nikamwuliza wa zamu nimfuate nani, akaniambia subiri daktari aje. Mtoto akalala na njaa. Halafu nilikuwa na dawa ya macho niliyoinunua dukani, nimeifunga kwenye kitenge changu, nikawa namtilia usiku. Hakuna aliyeniuliza.

AFISA MIPANGO: Bibi, ahsante. Mwenyekiti, hoja yangu imesemwa na mtu aliyelala sakafuni hospitalini, si na mimi. Watu watatu wamepita, maswali yaleyale, maagizo mawili yanayopingana, na mtoto amelala na njaa. Muuguzi mmoja mwenye mwongozo mmoja mkononi asingeweza kujipinga mwenyewe.

DAKTARI: Bibi, pole sana. Hayo yanatokea, na sina neno la kuyatetea. Dawa ile ya macho kama ilikuwa na steroidi, na maduka huziuza bila kuuliza, ingeweza kukifanya kirusi kikawie ndani ya jicho. Tulipaswa kukuuliza siku ya kwanza.

Ila Afisa, alichokutana nacho Bibi ni msongamano wa watumishi. Timu ina masharti. La kwanza ni faili moja: hakuna wa kuondoka na karatasi yake. La pili ni raundi moja kwa siku, saa inayojulikana. Anayehusika na lishe, anayehusika na VVU, muuguzi na tabibu wote wamesimama, na hakuna agizo linalotoka kabla hawajakubaliana. Si lazima wote waingie ndani. Wawili wanavaa na kuingia, wengine wanasimama upande wa pili wa dirisha au kizuizi, wanasikia na kuuliza. Hapo hofu yako ya mavazi ya kinga na maambukizi imepungua. La tatu, kila mgonjwa ana mwenyewe: jina limeandikwa juu ya faili, na Bibi anaambiwa, ukitatizika mwite huyu.

AFISA MIPANGO: La tatu nalipenda kuliko yote. Lakini bado sijaridhika na ushahidi wenu. Mmeanza na asilimia 1.7 dhidi ya 3.6 kana kwamba ni mizani ya duka. Wale wa Tunda na Kole walikuwa watu waliofika hospitali, wakakubali kulazwa, wakachunguzwa kabla ya kuandikishwa. Wale wa takwimu za nchi nzima wamo na waliofia njiani, na waliofika siku ya mwisho. Isitoshe, jaribio lile lilikuwa na fedha na usimamizi ambao hospitali ya kawaida haina. Hakuna aliyepiga kura ya bahati akawapa hawa timu na wale muuguzi mmoja, kisha akahesabu makaburi.

DAKTARI: Ni kweli, na anayesema jaribio lile limethibitisha tiba ya timu amelitwika mzigo usio wake. Lilipima dawa. Lakini angalia waliofanyiwa nini. Chakula, maji, vidonda kuangaliwa, malaria kutibiwa, antibiotiki kwa aliyeonyesha dalili za bakteria. Hakuna hata kimoja hapo cha maabara za ng'ambo. Na namna wagonjwa wanavyokufa tunaijua: kwa kukaukiwa maji, kwa maambukizi ya damu, kwa nimonia, kwa njaa iliyovitangulia virusi. Kila mlango huo wa kifo una mtu aliyefundishwa kuufunga, naye mara nyingi yupo kwenye hospitali hiyohiyo, jengo la pili. Hatuombi uajiri watu wapya kumi. Tunaomba waliopo wavuke uwanja.

MUUGUZI: Na uwanja mrefu kuliko yote ni ule kati ya wodi ya kutengwa na kliniki ya VVU. Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa za watu 382 wenye VVU waliougua mpox katika nchi mbalimbali, wote seli zao za kinga, ziitwazo CD4, zikiwa chini ya 350. Walifariki 27. Wote 27 walikuwa na CD4 chini ya 200. Kwa watu wa namna hiyo vidonda havikauki. Vinapanuka, vinakuwa vyeusi, nyama inakufa, mapafu yanaingiwa. Sasa mgonjwa analetwa kwangu akiwa na vidonda vikubwa sehemu za siri. Nikimsafisha vidonda wiki nzima bila kumpima VVU, nimefanya kazi ya bure.

Na pia nikimpima nikamkabidhi dawa za kufubaza bila kuzungumza na mtu, nimejitia hatarini. Katika taarifa hiyohiyo watu 85 walianza au walirudia dawa baada ya kuugua. Waliodhaniwa kuzidiwa kwa sababu kinga ilirudi kwa kishindo na kuushambulia ugonjwa walikuwa 21, na 12 kati yao walifariki. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2025 unataka dawa zianzishwe haraka, nami naukubali, kwa sababu kuchelewa kuna vifo vyake. Lakini mgonjwa huyo akianza dawa leo, siku zinazofuata anahitaji macho mawili juu yake: la anayejua VVU na la anayejua vidonda. Homa ikipanda, wa kwanza atauliza kama ni kinga inayorudi, wa pili atauliza kama ni jipu lililojificha. Jibu moja linahitaji subira na jingine kisu.

AFISA MIPANGO: Hapo umenishika, dada. Kipimo cha VVU kwa kila mgonjwa wa mpox nakiandika kwenye mpango, na posho ya mshauri wa kliniki kuvuka uwanja naiandika pia. Lakini mabingwa je? Daktari wa macho yupo Bukavu. Barabara ya Kamituga mnaijua mvua zikinyesha. Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo sijui hata nimtafute wapi. Timu ya kwenye karatasi haimtoi mtu mkojo.

DAKTARI: Kwa hiyo tusiipange kwa vyeo, tuipange kwa kazi. Mkojo ukiziba, muuguzi aliyefundishwa anaweka mpira wa mkojo. Uvimbe ukimzuia asilazimishe, na hapo ndipo tunapoita. Jicho linasafishwa na kukaguliwa na muuguzi kila siku. Doa likionekana, anampigia simu daktari wa macho Bukavu, anaeleza, na kwa ruhusa ya mgonjwa anapiga picha ya jicho peke yake, si uso. Bingwa anasema anza hiki, acha kile, au mleteni. Mkunga anaitwa kwa kila mjamzito. Kule Kole, miaka ya 2007 hadi 2011, wajawazito wanne wenye ugonjwa huu walifuatiliwa. Watatu walipoteza mimba. Mjamzito hawezi kukaa wodi ya kutengwa wiki mbili bila mtu kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, eti kwa kuwa wodi ya wazazi ipo upande ule.

BIBI: Mnataja mkunga, mnataja wa macho, mnataja wa Bukavu. Mimi hamjanitaja.

MWENYEKITI: Tuambie, Bibi.

BIBI: Mimi nina alama begani. Walinichanja ndui nikiwa msichana. Binti yangu hana, na mabinti wote wa rika lake hawana. Mtoto alipoumwa, nikasema mama yake abaki nyumbani na yule mchanga, mimi nitakwenda. Nilimlisha mimi, nilimwosha mimi, usiku alipojikuna mikono nilimshika mimi. Muuguzi alikuja mara nne, mimi nilikuwapo saa zote. Kama siku ile mngenionyesha namna ya kuangalia jicho, na mkaniambia maziwa kiasi gani, mngepata mfanyakazi asiye na mshahara. Lakini mlinipa ndoo tu, mkasema nisiguse.

MUUGUZI: Bibi kasema neno kubwa. Chanjo ya ndui iliachwa dunia ilipotangazwa kuwa huru na ndui mwaka 1980. Waliochanjwa zamani wana kinga fulani dhidi ya mpox, si kamili lakini ni nzuri, na uchunguzi wa zamani uliofanyika Kongo uliikadiria kufika asilimia 85. Bado atavaa glovu na barakoa, bado atanawa. Lakini tukiulizwa mlezi gani akae na mtoto, yule mwenye kovu la chanjo ni chaguo bora kuliko mama kijana, tena anayenyonyesha mtoto mwingine.

Na kuna sababu nyingine ya kumwingiza mlezi ndani ya timu. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, na Bukavu ikafuata Februari, mamia ya wagonjwa wa mpox waliondoka vituoni wakakimbia. Daktari alibaki na faili, mimi nilibaki na ndoo ya kuulia vijidudu. Aliyekwenda na mgonjwa ni mlezi. Kama alikuwa amefundishwa kusafisha jicho na kutambua mtoto anayezidiwa, tiba iliondoka naye. Kama hakufundishwa, tiba iliishia getini.

AFISA MIPANGO: Niruhusuni niseme jambo la mwisho, maana naona nimebadilika nusu. Ninyi mnafikiria kuunda timu. Mimi kazi yangu ni kufikiria itakavyokufa. Nimeona timu nyingi zikizaliwa na mradi na kuzikwa na mradi. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilikatwa ghafla. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo WHO ikaondoa dharura ya mpox. Virusi havikuondoka siku hiyo, ila wafadhili huanza kufunga mizigo. Timu yenu ikitegemea posho ya mradi, nitaipinga leo na kesho. Ikiwa ni raundi ya kawaida ya hospitali, ndani ya saa za kazi, kwa watumishi waliomo kwenye orodha ya mishahara, na kwa vifaa vinavyotumika pia kwa surua, kipindupindu na utapiamlo, basi nitaitetea mbele ya wakubwa wangu.

DAKTARI: Ukiitetea hivyo, sina zaidi ya kuomba.

MWENYEKITI: Nafunga mjadala. Uamuzi ni wangu, na anayeupinga ana haki yake.

Afisa Mipango ameshinda katika mambo mawili. La kwanza, wingi wa watumishi si timu. Alichokieleza Bibi, maagizo mawili kinyume na mtoto mwenye njaa, ni madhara yanayoletwa na wingi usio na mpangilio, na hospitali inayokusanya watu bila faili moja na bila mwenye mgonjwa ingefanya vyema zaidi kumwachia muuguzi mmoja mwenye mwongozo. La pili, timu isiyo na nafasi katika bajeti ya kawaida ni ahadi ya muda. Daktari naye amekiri, na ni haki yake kusifiwa kwa hilo, kwamba jaribio la Tunda na Kole halikupima timu.

Hata hivyo hoja ya msingi imesimama. Mpaka sasa hatuna dawa iliyothibitika kuharakisha kupona kwa mpox. Tunachojua kufanya ni kulisha, kunywesha, kusafisha, kukagua jicho, kupima VVU, kumwangalia mjamzito na kuwahi bakteria kabla hawajaingia kwenye damu. Kazi hizo hazimo katika mikono ya taaluma moja, na matatizo ya mgonjwa hayaji kwa foleni ili mtu mmoja ayamalize moja baada ya jingine. Utapiamlo hubadilisha dripu, VVU hubadilisha vidonda, mimba hubadilisha kila kitu. Tiba ambayo kila sehemu yake inategemea nyingine haiwezi kutolewa na watu wasiozungumza. Kwa hiyo naikubali hoja, pamoja na masharti ya Daktari, sharti la fedha la Afisa, na nyongeza ya Bibi: mlezi ni mmoja wa timu, afundishwe na aulizwe tangu siku ya kwanza.

Jambo hili si la Kivu peke yake. Kuanzia Julai 2024 aina ya Ib ilivuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitambuliwa mpakani Taita-Taveta. Tarehe 10 Machi 2025 Tanzania ikatangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza, mmoja wao dereva wa lori. Njia za malori zinazounganisha bandari zetu na maziwa makuu ndizo njia za ugonjwa huu, na kwenye kila kituo cha njia hizo ipo hospitali ambayo siku moja italetewa mtoto mwenye kope zilizogandana au dereva asiyeweza kukojoa.

Mganga mkuu wa wilaya anayesoma ukurasa huu anaweza kuanza wiki hii, bila kusubiri mfadhili. Aandike kwenye karatasi moja nani anashika lishe, nani VVU, nani macho, nani wajawazito, na nani ni mwenye mgonjwa usiku. Mbele ya kila jina aweke namba ya simu, na chini kabisa namba ya bingwa wa mkoa. Karatasi hiyo ibandikwe wodini kabla mgonjwa hajafika. Na wewe unayempeleka ndugu yako hospitalini, uliza mambo matatu: ni nani mwenye mgonjwa huyu, amepimwa VVU na kukaguliwa macho, na leo amekula nini. Dawa yoyote uliyoinunua dukani, itoe uionyeshe hata kama hujaulizwa.